Ukiona Namba, Zimekokotolewa: Vipimo vya Mwili vya Nyumbani kwa Jicho la Fizikia

Kwa miezi mitatu nimekuwa nikitumia vifaa vitano vya kupimia mwili ambavyo mtu yeyote anaweza kuviweka kabatini: mashine ya presha inayofungwa juu ya kiwiko, mashine ya presha inayofungwa kwenye kifundo cha mkono, kipima oksijeni kinachobanwa kidoleni, kipimajoto kinachoelekezwa kwenye paji la uso bila kugusa, na mizani inayodai kupima mafuta ya mwilini. Ninafundisha fizikia ya mwaka wa kwanza kwa wanafunzi wanaojiandaa kusomea tiba na sayansi za viumbe hai, na niliviingiza vifaa hivi darasani kwa sababu ya uchovu tu, kwani kila muhula naulizwa gari linaloteremka mlimani bila msuguano lina uhusiano gani na mgonjwa aliyelala kitandani. Sitataja jina la mtengenezaji yeyote. Vifaa vya aina moja hufuata mbinu moja kwa kiasi kikubwa, na sifa na kasoro nitakazozieleza ni za mbinu hiyo kuliko za nembo iliyobandikwa kwenye boksi.

Hakuna hata kimoja kati ya vifaa hivi kinachopima kile kilichoandikwa kwenye kioo chake. Mashine ya presha hupima mtikisiko wa hewa, kipima oksijeni hupima mwanga, kipimajoto hupima mnururisho wa joto, na mizani hupima ukinzani wa umeme. Kisha kompyuta ndogo iliyomo ndani hukokotoa ile namba tunayoisoma kwa heshima kana kwamba imetoka moja kwa moja kwenye damu. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Ubora wa kila kifaa nimeupima kwa kuuliza umbali uliopo kati ya kile kinachohisiwa na kile kinachotangazwa, na ni makosa gani yanaweza kujipenyeza njiani.

Nianze na mashine ya presha ya juu ya kiwiko, kwa kuwa ndiyo iliyonipa kazi kubwa na ndiyo ninayoiamini zaidi. Neno presha tumelizoea hata tunasahau kwamba fizikia ya Kiswahili ina neno lake, kanieneo (au shinikizo, kama nitakavyoliita hapa), ambalo limebeba fasili yake tumboni: kani iliyogawanywa kwa eneo. Damu inayosukumwa na moyo hukandamiza kuta za ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, na kani hiyo kwa kila kipande cha eneo la ukuta ndiyo tunayoitafuta, kama ziada juu ya ile ya hewa inayotuzunguka. Tunaiandika kwa milimita za zebaki kwa sababu vipimo vya kwanza vilikuwa vya kutazama kimiminika kikipanda ndani ya mrija. Stephen Hales, kasisi wa Uingereza, alieleza mwaka 1733 jinsi alivyochomeka bomba kwenye ateri ya farasi na kuiona damu ikipanda ndani ya mrija wa kioo kupita kimo cha mita 2. Karibu karne moja baadaye daktari Mfaransa Poiseuille alitumia zebaki badala yake, na faida yake inaonekana kwa hesabu ya mstari mmoja: zebaki ina densiti, yaani uzito kwa ujazo uleule, mara 13.6 ya maji, damu imezidi maji kidogo tu, kwa hiyo shinikizo la milimita 120 za zebaki, ambalo ni takribani kilopaskali 16, lingehitaji safu ya damu ya mita 1 na nusu ili lisomeke. Zebaki iliufanya mrija huo uwe mfupi kiasi cha kuwekwa mezani.

Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci, daktari wa Italia, alionyesha kwamba si lazima kuitoboa ateri, kwani inatosha kuuzungushia mkono mkanda wa hewa na kuujaza hadi mapigo yapotee. Mwaka 1905 daktari wa upasuaji wa Urusi, Nikolai Korotkoff, akaongeza stetoskopu. Shinikizo la mkanda likiwa kubwa kuliko shinikizo la ateri muda wote, hakuna kinachosikika. Likishuka chini kidogo ya kilele cha shinikizo la ateri, damu hupenya kwa vishindo kupitia njia iliyobanwa, na sauti husikika kwa kila pigo. Likishuka zaidi, ateri hubaki wazi muda wote, damu hutiririka kwa utulivu na sauti hutoweka. Namba ya juu na namba ya chini zilizoandikwa kwenye kadi ya mgonjwa ni mipaka ya kelele hiyo. Ninapenda kuifundisha njia hii kwa sababu mwanafunzi husikia kwa masikio yake tofauti kati ya mtiririko wenye vurugu na mtiririko tulivu, jambo ambalo kwenye ubao hubaki kuwa kanuni kavu.

Mashine ya nyumbani haisikilizi chochote. Huujaza mkanda, huuachia hewa taratibu, na wakati huo kihisio chake hufuatilia mitikisiko midogo ambayo ateri inayodunda huipitisha kwenye hewa ya mkanda. Mitikisiko hiyo huanza ikiwa midogo, hukua, hufikia kilele, kisha hufifia. Kilele hutokea pale shinikizo la mkanda linapokuwa karibu sawa na shinikizo la wastani la ateri, ambalo kwa mtu mwenye 120 kwa 80 ni takribani 93. Kwa maneno mengine, namba ambayo mashine inaijua vizuri zaidi, yaani ile ya wastani, ndiyo ambayo kwa kawaida haituonyeshi, na zile mbili inazotuonyesha imezikadiria kutokana na umbo la kukua na kufifia kwa mitikisiko, kwa kanuni ambayo kila mtengenezaji ameifungia ofisini kwake. Nililisoma kijitabu cha maelekezo mara mbili nikitafuta sentensi moja inayolikiri jambo hilo. Haimo.

Hata hivyo mashine hii inajitetea kwa matokeo yake. Nikiwa nimekaa kwa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, na mkono umelazwa mezani kwenye usawa wa moyo, vipimo vitatu mfululizo vilitofautiana kwa milimita chache tu, na mwenzangu aliyezoea stetoskopu alipata namba za jirani kabisa. Dakika hizo tano si adabu ya kliniki pekee. Mishipa midogo hujibana mtu anapokuwa na wasiwasi au anapotoka kutembea, na Poiseuille huyohuyo ndiye aliyetuonyesha ukali wa jambo hilo, kwani mtiririko ndani ya mrija mwembamba hufuata nusukipenyo kilichopandishwa hadi kipeo cha nne. Nusukipenyo kikipungua kwa asilimia 10, mtiririko hupungua kwa takribani theluthi moja endapo shinikizo halijabadilika. Kikipungua kwa nusu, unabaki sehemu moja ya kumi na sita. Damu haifuati sharti zote za kanuni hiyo, kwa kuwa imejaa chembe na hutiririka kwa mapigo, lakini mwelekeo ni huohuo: mishipa ikijibana kidogo, moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na namba hupanda. Anayejipima akiwa bado anahema kutoka kwenye ngazi amepima ngazi pamoja na moyo wake.

Udhaifu wake wa kwanza ni mapigo yasiyo na mpangilio. Kanuni ya ukokotoaji hudhania kwamba kila pigo linafanana na lililotangulia, ili tofauti ya mitikisiko itokane na kushuka kwa shinikizo la mkanda pekee. Moyo unaporuka hatua, dhana hiyo huvunjika. Mashine niliyotumia huonyesha alama ndogo ya onyo kwenye kioo ikiona mapigo ya namna hiyo, nami naihesabu alama hiyo kuwa ndiyo huduma yake ya uungwana kuliko zote. Udhaifu wa pili ni ukubwa wa mkanda, na hapa lawama namtupia muuzaji. Mfuko wa hewa unapaswa kuwa na upana usiopungua asilimia 40 ya mzunguko wa mkono na urefu usiopungua asilimia 80. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, shinikizo lake halifiki lote kwenye ateri iliyo ndani ya nyama. Hutawanyika pembeni, mashine hulazimika kuongeza hewa, na mtu huambiwa ana presha ya juu kuliko aliyo nayo. Boksi nililopewa lilikuwa na mkanda mmoja tu ulioandikwa kuwa unafaa watu wazima wote, kana kwamba watu wazima wote wana mkono mmoja.

Mashine ya kifundo cha mkono nilidhani itakuwa ndugu mdogo wa hiyo ya kwanza. Ni nyepesi, haihitaji kuvua koti, na mkanda wake huenea kwa urahisi hata kwa wale ambao mkanda wa juu ya kiwiko huwabana. Mbinu ni ileile ya mitikisiko. Ila kifundo cha mkono hakikai mahali pamoja, na damu, kama kimiminika kingine chochote, ina uzito. Kila sentimita 10 za kimo hubadilisha shinikizo kwa karibu milimita 8 za zebaki, na hesabu yake ni ileile ya safu ya Hales. Nilijipima kifundo kikiwa kwenye usawa wa moyo nikapata namba ya juu ya 121. Nikakishusha sentimita 30 hivi, karibu na kiuno, nikapata 144. Nikakiinua sentimita 30 juu ya moyo nikapata 99. Nadharia inadai tofauti ya 23 kila upande. Katika dakika kumi nilikuwa mtu mzima wa afya, kisha mgonjwa wa kuandikiwa dawa, kisha mtu wa kuambiwa anywe maji na apumzike, na moyo wangu haukuwa na habari.

Baadhi ya mashine za aina hii zina kihisio cha mkao kinachokataa kuanza mpaka mkono uinuliwe ipasavyo. Niliyonayo mimi haina, na kijitabu chake kimeutaja usawa wa moyo kwa mchoro mmoja mdogo ambao mtu mwenye haraka ataupita. Kwa kasoro hiyo siwezi kuipendekeza kwa mtu anayefuatilia shinikizo la damu kwa maelekezo ya daktari, isipokuwa kama mkanda wa juu ya kiwiko hauwezekani kabisa kwake. Na hata hapo ashike nidhamu ya kuuweka mkono pale pale kila mara.

Kipima oksijeni ndicho kilichowasisimua wanafunzi kuliko vyote, nami nakiri kwamba ndicho kifaa chenye akili nyingi zaidi kwenye kundi hili. Upande mmoja wa kibanio kuna taa mbili ndogo, moja ya mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 660 hivi, na nyingine ya infraredi, mwanga usioonekana kwa jicho, ya nanomita 940 hivi. Upande wa pili kuna kihisio kinachopokea mwanga uliofanikiwa kupenya kidole. Himoglobini, protini ya damu inayosafirisha oksijeni, ikiwa imebeba mzigo huo huuachia mwanga mwekundu upite kwa wingi, ndiyo maana damu ya ateri huonekana nyekundu ya kung'aa. Ile iliyokwisha kutua mzigo wake huufyonza mwanga huo karibu mara 10 zaidi. Kwenye infraredi mambo hugeuka, na ile yenye oksijeni ndiyo inayofyonza zaidi. Kwa kulinganisha mifyonzo miwili, kifaa hukadiria ni sehemu gani ya himoglobini imebeba oksijeni.

Tatizo ni kwamba kidole si chupa ya damu. Kina ngozi, mfupa, nyama, kucha, na damu ya vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, ambayo hakuna aliyeiuliza habari zake, na vyote hivyo hufyonza mwanga. Ufumbuzi ulitoka Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa mhandisi Takuo Aoyagi, ambaye alikuwa akijaribu kupima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kwa kutumia rangi iliyodungwa mwilini na mwanga uliopenya sikio. Mapigo ya damu yalikuwa yakimharibia vipimo vyake. Katika kutafuta namna ya kuyafuta aligundua kwamba usumbufu huo wenyewe ndio taarifa, kwa sababu katika kidole au sikio damu ya ateri pekee ndiyo hujaa na kupwa kwa kila pigo la moyo, mfano wa bahari, ilhali vitu vingine vyote vimetulia kama mwamba. Ukiitenga sehemu ya mwanga inayojaa na kupwa, ambayo mara nyingi ni asilimia 1 au 2 tu ya mwanga wote uliopita, umeitenga ateri bila kuigusa. Sijui mfano mzuri kuliko huo wa kumwonyesha mwanafunzi asiyeona haja ya kujifunza mawimbi.

Sehemu ya mwanga yenye taarifa ikiwa ndogo kiasi hicho, si ajabu kifaa kikapotea kwa urahisi. Kidole kikiwa baridi, mishipa yake hujibana na mapigo hufifia. Nilipokishika kidole changu kwenye maji ya barafu kwa dakika moja, kioo kilibaki na vistari vitupu, jambo ambalo naliheshimu kuliko namba ya uongo. Rangi nzito ya kucha huuzuia mwanga, na mtu anayetetemeka huleta kujaa na kupwa kusikotoka moyoni. Ushauri wangu ni kuangalia mchoro wa mapigo kabla ya kuangalia asilimia, na kama kifaa hakina mchoro huo, kulinganisha idadi ya mapigo kinayoonyesha na ile unayoihesabu mwenyewe kwa kidole juu ya kifundo cha mkono. Zikitofautiana, asilimia iliyo kando yake haina wa kuitetea.

Kuna kasoro nyingine, na hii msomaji mwenye ngozi nyeusi anapaswa kuielewa vizuri. Kinadharia melanini, ile rangi asilia ya ngozi, kwa kuwa haijai wala haipwi, ingepaswa kujifuta yenyewe kwenye hesabu pamoja na mfupa na kucha. Lakini uwiano wa mifyonzo haugeuki kuwa asilimia kwa nadharia tupu. Hugeuzwa kwa jedwali lililopatikana kwa kupima watu wazima wenye afya waliopunguziwa oksijeni kwa makusudi, na jedwali hilo hufaa kadiri watu hao wanavyofanana na atakayepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la New England Journal of Medicine, uliofanywa kwa wagonjwa wa Marekani, ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliothibitishwa kwa damu ya ateri lakini ukafichwa na kifaa cha kidoleni ulitokea karibu mara 3 zaidi kwa wagonjwa Weusi kuliko kwa Weupe. Hao walikuwa wagonjwa ambao kioo kiliwaonyesha asilimia 92 hadi 96 huku damu yao ikiwa chini ya 88. Kijitabu cha kifaa changu kinataja kosa la asilimia 2 juu au chini bila kusema lilipimwa kwa ngozi ya nani, na ukimya huo nauhesabu kuwa dosari ya bidhaa kama vile betri mbovu ilivyo dosari.

Hata namba ikiwa sahihi, ni lazima isomwe kwa maana yake. Ni asilimia ya himoglobini iliyobeba oksijeni, haisemi himoglobini yenyewe ni kiasi gani. Mtu mwenye upungufu wa damu mwenye gramu 7 za himoglobini kwa kila desilita anaweza kuonyesha 98 sawa na mwenye gramu 14, ingawa damu yake imebeba nusu tu ya oksijeni. Mabasi yamejaa abiria, lakini mabasi ni machache. Aliyevuta hewa yenye monoksidi ya kaboni ndani ya chumba kilichofungwa yuko hatarini zaidi, kwa sababu himoglobini iliyotekwa na gesi hiyo inafanana mno, kwa mwanga mwekundu, na ile iliyobeba oksijeni, na kioo kitamwonyesha namba nzuri wakati anaelekea kuzimia. Tena mteremko wa kushuka hauko sawa. Uhusiano kati ya shinikizo la oksijeni na asilimia hii una umbo la kilima chenye kilele bapa, ambapo shinikizo la milimita 60 bado hutoa karibu 90, na baada ya hapo ardhi huporomoka haraka. Kutoka 98 hadi 94 na kutoka 90 hadi 86 si safari za aina moja, ijapokuwa kwa kutoa ni nne kwa nne.

Pamoja na yote hayo nakipendekeza kipima oksijeni. Kinapotumiwa kufuatilia mabadiliko ya mtu yuleyule, kwa kidole kilekile chenye joto, siku hadi siku, kosa la jedwali huwa kwa kiasi kikubwa lilelile kila mara, na kushuka kwa namba hubaki na maana hata kama namba yenyewe imepotoka kidogo.

Kipimajoto cha paji la uso kinategemea jambo ambalo William Herschel aliligundua mwaka 1800 alipoweka vipimajoto kando ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua uliopasuliwa na mche wa kioo, akaona joto likizidi pale ambapo jicho halioni kitu. Kila kitu chenye joto hutoa mnururisho, na mwili wenye nyuzi 37 hutoa kwa wingi zaidi kwenye urefu wa wimbi wa takribani mikromita 9, mbali sana na upeo wa jicho unaoishia karibu na mikromita 0.7. Kwa urefu huo wa wimbi, ngozi ya rangi yoyote ni nyeusi tititi, kwa maana ya kifizikia: hutoa karibu asilimia 98 ya mnururisho ambao kitu cheusi kikamilifu kingetoa. Melanini inayousumbua mwanga mwekundu haina kauli kubwa hapa, ijapokuwa hilo peke yake halimwondolei mtengenezaji wajibu wa kukijaribu kifaa kwa watu wa rangi zote.

Shida yake iko kwingine. Nguvu ya mnururisho hufuata halijoto iliyopandishwa hadi kipeo cha nne, ikihesabiwa kwa kelvini, na mwili wenye kelvini 310, yaani zile nyuzi 37, ukiongezeka nyuzi 1 nguvu hiyo huongezeka kwa asilimia 1.3 pekee. Tofauti kati ya mtu mwenye afya na mwenye homa imefichwa ndani ya asilimia mbili tatu, kwa hiyo jasho jembamba, nywele zilizoangukia paji, au kifaa kilichotolewa sasa hivi kwenye chumba baridi vinatosha kuifunika. Jasho hasa ni adui mara mbili, kwa kuwa linapokauka huchukua joto jingi kutoka kwenye ngozi, na paji hupoa wakati kiini cha mwili bado kinachemka. Kifaa hupima ngozi, kisha huongeza makadirio ya tofauti kati ya ngozi na ndani ya mwili. Ukisimama mbali zaidi ya maelekezo, eneo kinachoona hupanuka kama mwanga wa tochi na kuanza kuchanganya paji na ukuta wa nyuma. Wanafunzi wangu walifurahi kugundua kwamba mtu aliyesimama nyuma ya kioo cha dirisha hapimiki kabisa: kioo, kinachopitisha mwanga wa jicho bila kinyongo, huuzuia mnururisho huo wa mawimbi marefu, na kifaa hutangaza joto la kioo.

Kwa kuchuja watu wengi haraka kinafaa. Kwa mtoto mgonjwa usiku, ningechukua kipimajoto cha kawaida cha dijitali cha kwapani au mdomoni, ambacho hukaa mpaka kilingane joto na mwili na hivyo kina makadirio machache ya kufanya. Vile vya zebaki viliwekewa kikomo cha mwaka 2020 cha kutengenezwa na kuuzwa kati ya nchi chini ya Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, na sioni sababu ya kuvililia.

Mizani ya mafuta haitanichukua muda. Unasimama peku juu ya vibamba vya chuma, mkondo dhaifu wa umeme wa chini ya miliampia 1 hupita kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kwa kawaida kwa marudio ya takribani mara 50,000 kwa sekunde ili usishtue misuli, na kifaa hupima ukinzani. Misuli ina maji na chumvi, hupitisha umeme. Mafuta hupitisha kidogo. Kanuni ya Ohm ni ya kweli na kipimo cha ukinzani ni kizuri. Lakini mkondo hupanda mguu mmoja na kushuka mwingine, na tumbo, ambalo ndilo watu wengi wanataka kujua habari zake, linaguswa kidogo tu. Pengo lililobaki hujazwa na urefu, umri na jinsia ulivyoingiza mwenyewe. Nilijipima, kisha bila kushuka kwenda popote nikabadilisha umri kwenye mipangilio na kujiongezea miaka 20, na mafuta yangu yakapanda. Nikabadilisha jinsia, yakapanda tena. Uzito ulibaki uleule, kwa sababu uzito inaupima. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani asiikanyage, na hilo kwa bahati nzuri kijitabu kimelisema kwa herufi kubwa.

Mashine ya juu ya kiwiko na kipima oksijeni vimerudi kabatini nyumbani, mkanda ukiwa umebadilishwa na mwingine wenye ukubwa unaonifaa. Mizani naitumia kwa uzito tu. Ile ya kifundo cha mkono iko kwenye meza ya maabara, ambako kila muhula mwanafunzi mmoja huifunga, huinua mkono, huushusha, na wenzake huandika ubaoni sentimita upande mmoja na milimita za zebaki upande wa pili, kisha hutafuta densiti ya damu kutokana na mteremko wa mstari waliouchora. Kwa kazi hiyo sijapata kifaa kinachoishinda.